Timazi

Miaka ishirini na mitatu nimesimamisha kuta za wengine.
Nafumba jicho moja, nasubiri risasi ya timazi ichoke kuyumba,
kisha nasema: ukuta umelala, bomoa kozi mbili.
Sijawahi kuuning'iniza ule uzi
kwenye mgongo wangu.

Ulinikamata Mtumba, ghorofa ya tatu, mwezi wa saba,
upepo ukitupaka vumbi jekundu hadi kwenye fizi.
Si mfuko wa saruji. Mifuko nimebeba,
miwili miwili, nikipiga mluzi.
Niliinama kuokota penseli.
Penseli!
Vijana wakanishusha ngazini taratibu
kama kioo cha dirisha.

Hospitali wakanipa karatasi: *Pilatesi. Jumanne na Alhamisi.*
Nikaenda duka la dawa Nkuhungu, nikauliza kama wanayo.
Binti akatazama rafu, akasema imeisha,
nirudi Jumatatu.

Kumbe ni mkeka.
Kumbe ni kulala chali kwenye ukumbi wa Kisasa,
mimi na kitambi changu, kati ya akina mama wa wizarani,
na mwalimu Nyemo, mwembamba kama nguzo ya mzabibu,
anakuamuru uvute pumzi.
Pumzi! Kitu nilichodhani nimezaliwa nakijua.

"Kitovu kishuke kwenye uti wa mgongo.
Polepole, baba. Hatujengi choo cha dharura."
Kichwa juu, miguu juu, viganja vipigepige hewa
mara mia.
Nilifika thelathini na sita.
Tumbo likatetemeka kama madirisha ya Kizota
treni ya mizigo ikipita.
Jirani yangu, bibi wa wajukuu tisa,
alimaliza mia yake
huku akiniuliza bei ya kokoto.

Kazini Mwaluko alinicheka wiki mbili.
"Fundi, mimba ina miezi mingapi?"
Sikujibu. Nilikuwa katikati ya kutoa pumzi,
na pumzi ukiikatisha unaanza upya.

Nilichokielewa nilikielewa kifundi:
hii mikono mnayoisifu ni plasta.
Kifua hiki, plasta.
Ndani, kiunoni, palihitajika mkanda wa zege,
na mimi nilipaua bila mkanda,
nikapandisha ghorofa juu yake,
nikajiita mwanaume.

Kuna na ile sakafu ya chini, isiyotajwa mbele ya wakwe,
inayoshika mkojo. Nyemo aliitaja
kwa sauti ileile anayotajia magoti.
Nilikuwa naamka mara nne usiku, natoka nje na tochi,
mbwa wa Mzee Chibago ananisindikiza kwa kelele.
Siku hizi mara moja.
Mbwa amenisahau, sasa ananibwekea kama mgeni.

Sijapona, nisiwadanganye.
Asubuhi za baridi mgongo bado unanidai.
Ila Wendo, mke wangu, aliacha kusonga ugali wa uwele,
mwiko ukabaki hewani:
"Baba Nhonya, unavaa soksi umesimama?"
Nikatazama chini.
Kweli. Mguu mmoja, kama korongo.

Juzi baada ya malipo Mwaluko hakuondoka.
Alizungukazunguka karai, akapiga teke kokoto,
akasema, kama anayeongea na tofali:
"Hivi kile kiuno... chako... kilianzaje?"

Tukatandika mifuko mitupu ya saruji juu ya zege.
Wanaume wawili chali, buti zikielekea Singida,
mwewe mmoja juu yetu akishangaa mizoga inayopumua.
"Kitovu chini," nikamwambia. "Vuta. Anza."

Alifika ishirini na moja.
Sikucheka.
Kamba ya timazi ilikuwa bado inaning'inia ukutani,
ikiyumba kidogo, ikiyumba kidogo zaidi,
nami nikamhesabia
ishirini na mbili.